Nafasi Mia Mbili na Kumi na Moja

Jumatatu, 12 Mei

Wiki iliyopita daktari wa moyo alinipa miezi. Hakusema mingapi. Sikuuliza. Alikuwa ameshatazama saa mara mbili, na mimi sipendi kumchelewesha mtu. (Atakayeikuta shajara hii aendelee kusoma, ataona kwa nini sentensi hiyo inachekesha.)

Binti yangu Gladness ni muuguzi, kwa hiyo alimwelewa daktari kuliko mimi. Akanishika mkono hadi kwenye gari. Hajanishika mkono tangu alipokuwa darasa la pili. Dalili mbaya!

Nimenunua daftari. Kusudi ni kuungama. Jumamosi nilianza kwa Padri. Nilimpangia dhambi zangu kwa mfuatano wa miaka, kama silabasi. Kwenye majivuno alisinzia. Kwenye wanawake alisinzia zaidi, jambo lililoniudhi. Nilipofika kwenye maegesho ya magari akaamka, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniondolea zote, ila hiyo moja akasema nikamwambie mwenyewe niliyemkosea, kwa mdomo wangu, tena upesi.

Mwenyewe ni Lusekelo. Mtu wa Tukuyu, rafiki yangu wa miaka arobaini, anakaa jengo la pili kutoka letu hapa Tottenham, London.

Kosa naliandika mara moja tu. Februari 1997 mama yake alifariki. Nilijitolea kumpeleka uwanja wa ndege wa Thaxley, ule mdogo ulio nje ya London, mwendo wa saa moja. Siku hizo nilikuwa bingwa wa viwanja vya ndege. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Sisi watu wa Bukoba tunasemwa kwa majivuno, na mimi nimetumia maisha yangu kuwapa wasemaji ushahidi. Nilikuwa nimetangaza kanisani kwamba pale Thaxley nina mahali pangu pa siri pa kupaki bure, nyuma ya duka la miche ya bustani, na kwamba anayelipia maegesho ni mjinga. Tulipofika getini palikuwa na kibao cha taa kinachoonyesha nafasi zilizobaki. Lusekelo alikuwa ameinamisha kichwa, analia. Hakukitazama. Nikamwambia pamejaa.

Nikageuza gari kwenda kwenye siri yangu. Maili mbili. Tulirudi kwa miguu, sanduku lake kichwani kwangu. Ndege tuliikosa kwa dakika nane. Iliyofuata ilikuwa ya siku ya tatu. Mama akazikwa bila mwanawe, na bila gauni jeupe ambalo mwanawe alimnunulia ili avikwe. Gauni lilikuwa ndani ya sanduku. Sanduku lilikuwa kichwani kwangu.

Kibao kilionyesha 211.

Kwa miaka ishirini na minane Lusekelo amenishukuru. Hadharani! Kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye mkutano wa chama chetu cha Watanzania. Husimama akasimulia: siku ile maegesho yalijaa, na Mwalimu Faustine, mtu mwenye digrii, akabeba sanduku langu kichwani maili mbili kama mpagazi. Watu hupiga makofi. Mimi huinama kidogo.

Jumapili hii Lusekelo anarudi nyumbani kabisa. Anaondokea Thaxley, kupitia Amsterdam. Nina siku sita. Mungu kwa siku hizo aliumba mbingu na nchi. Mimi natakiwa kusema sentensi moja.

Jumanne, 13 Mei

Mkakati wa kwanza: kumfuata kwake.

Ghorofa ya tatu. Lifti imekufa tangu Pasaka. Nilipumzika kila baada ya ngazi nne. Nilipogonga mlango sentensi nilikuwa nayo, pumzi ya kuibeba sikuwa nayo. Nikasema "Lusekelo", basi. Akaiona rangi yangu, akanishika kwapani, akaita watu.

Watu walikuwapo! Sebule nzima imejaa waliokuja kuaga. Nancy wa kwaya akaniamkia shikamoo huku ananipepea kwa trei. Lusekelo akanipa chai ya tangawizi, kisha akawaambia wamtazame mzee huyu, moyo mbovu lakini amepanda ngazi zote hizi kuja kumuaga, ndivyo alivyo, hata siku ile ya sanduku. Akasimulia tena. Safari hii maili zimekuwa tatu. Na mvua imeongezeka. Makofi. Nikainama kidogo.

Kanti naye alikuwapo. Kanti wa Queensbury, mzaliwa wa Mwanza, mfamasia mstaafu. Mpinzani wangu. Siku hizi mtu akisafiri humwuliza yeye, hanitafuti mimi. Sababu wanayotoa ni kwamba ushauri wake unafanya kazi. Watu hawana utu.

Ameandaa maelekezo ya Jumapili kwenye karatasi moja, akaitia plastiki ngumu kama kitambulisho. Akasoma kwa sauti. Nafasi ya kupaki imeshaagizwa mtandaoni, chini kabisa, karibu na mlango, maana ukilipia getini utalia. Ukishapaki, piga picha ya namba ya nguzo. Kiti cha magurudumu kimeombwa mapema kwa ajili ya magoti ya Lusekelo. Maji yanywewe au yamwagwe kabla ya ukaguzi. Mkanda wa suruali uvuliwe ukiwa bado kwenye foleni. Dawa ziwe juu, si chini ya viatu. Kuondoka saa nne kamili asubuhi, msafiri ndani ya gari la Kanti.

Nikauliza kama kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi. Akajibu kwa upole wa kuudhi, "Mwalimu, wewe pumzika bwana. Ukiagia hapa hapa inatosha." Wakacheka. Nikacheka nao. Moyoni niliirarua ile karatasi yake. Hairaruki.

Jumatano, 14 Mei

Lazima Lusekelo apande gari letu. Gladness amekubali kuendesha, kwa sharti nisimfundishe njia. Nimeapa.

Kikwazo ni Kanti. Niliwaza tangu uji hadi saa tano. Kisha, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akili ikafunguka. Gari la Kanti ni dogo. Gari dogo hujaa.

Nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la chama chetu, nikaandika: Ndugu zangu, Mzee Lusekelo bado ana nafasi ya vifurushi vya nyumbani. Mbeya, Tukuyu, hata Iringa atapita. Pelekeni kwa Kanti kabla ya Ijumaa. Nikaweka anwani.

Anayewajua Watanzania wa ughaibuni anajua nilichokifanya. Tangaza kwamba kuna msafiri ana nafasi, na mtu asiye na ndugu Mbeya atampata kabla ya chakula cha mchana. Hadi saa nane walikuwa kumi na tisa. Mmoja aliuliza kama kochi linakunjika.

Alasiri nikaagiza nafasi ya maegesho mtandaoni, kwa kompyuta ya Gladness. Sitaki kusikia kwamba Kanti peke yake ndiye anayeagiza mapema. Rahisi sana! Tarehe, saa, jina. Mashine ikauliza namba ya gari. Ya Gladness siikumbuki, na yeye alikuwa kazini. Nikaandika ninayoijua kwa moyo, ile ya Nissan yangu nyekundu, iliyokwenda kuwa chuma chakavu mwaka 2009. Utaratibu tu huo. Nani atakaa kuzisoma?

Ijumaa, 16 Mei

Kanti amekuja. Kwa treni na basi! Gari lake haliingiliki. Amehesabu mabegi kumi na moja, mashine mbili za kupimia presha, blenda, viatu vya shule, sahani za ukumbusho wa jubilei ya mtu, na keki ya matunda ya Nancy yenye uzito wa mtoto mchanga. Kiti cha mbele kimekaliwa na pazia.

Akanionyesha simu, ujumbe, jina langu. Akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu hatari." Nikasema nilitaka kusaidia jamii. Akasema jamii iko kwenye kiti chake cha nyuma mpaka kwenye paa, yeye akitazama kioo haoni kitu ila keki.

Lakini matunda nimeyavuna: Lusekelo atapanda kwetu.

Kabla hajaondoka akauliza kwa nini natamani hivyo kumpeleka. Nikasema ni mambo ya kumbukumbu. Akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeuza dawa miaka thelathini na kusikia kila aina ya maelezo. Akasema kama nilikuwa na neno na Lusekelo ningemwambia tu, angenipa kiti, yeye angekwenda na basi.

Jambo hilo nilikaa nalo dakika kadhaa baada ya yeye kuondoka. Kisha nikala ndizi.

Jumamosi, 17 Mei

Mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. "Lusekelo, siku ile hapakujaa." Maneno manne. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza waliweza kukariri mito yote ya Afrika. Mimi kila nikifika la nne najikuta naongeza: hali ya hewa ya Februari, bei za maegesho za enzi hizo, tabia ya binadamu kwa ujumla. Toleo la mwisho lilichukua dakika kumi na moja, na ndani yake nilikuwa nimeshaanza kuonekana mtu mzuri.

Gladness akauliza kutoka ukumbini nazungumza na nani. Nikasema na Lusekelo. Akaja kunipima homa.

Jumapili, 18 Mei

Naandika jioni, kitandani. Gladness ameficha viatu vyangu.

Saa nne kamili tuliondoka. Kanti mbele na maboksi yake, sanduku la Lusekelo limefungwa juu ya paa, sisi nyuma. Lusekelo alikaa kando ya Gladness, suti ya kahawia, mkoba mapajani. Mimi nyuma, kigari changu cha kutembelea kimekunjwa magotini. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni kama peremende. Nilipanga kuisema tukishatoka nje ya jiji, njia ikinyooka.

Kabla ya kutoka nje ya jiji alikuwa amelala. Mdomo wazi! Nilikohoa. Nikaangusha fimbo. Nikapiga chafya ambayo haikuwepo. Gladness akanitazama kwenye kioo, akasema Baba, mwache mzee apumzike. Akalala hadi Thaxley.

Geti ni lile lile. Kibao ni kipya. Siku hizi hakuna tiketi, kuna kamera inayosoma namba ya gari na chuma kinanyanyuka chenyewe. Gari la Kanti likafika, likasomwa, likapita. Likafika letu. Chuma kikatulia.

Gladness akabonyeza kitufe. Sauti ikasema gari hili halina nafasi iliyoagizwa. Gladness akasema ipo, baba yake aliagiza. Kisha akageuka polepole, akaniuliza niliandika namba gani. Nikamtajia. Akasema neno ambalo hakujifunza nyumbani kwetu, akashuka kwenda kwenye kibanda cha mlinzi.

Nyuma yetu magari sita, yote yana honi.

Honi ndizo zilizomwamsha Lusekelo. Akauliza kama tumefika. Nikasema tumefika getini. Akachungulia, akacheka, akasema kumbe na leo pamejaa, basi Mwalimu ajiandae, sanduku ni lile lile.

"Lusekelo," nikasema, "siku ile hapakujaa."

Akauliza siku ipi. Nikasema ya mama.

Honi. Akauliza nimejuaje. Nikasema nilikiona kibao, na nilijua ninachokisema. Nikangoja aniulize kwa nini. Kwa hilo nilikuwa na dakika kumi na moja. Hakuuliza. Aliuliza zilikuwepo nafasi ngapi.

"Mia mbili na kumi na moja."

Akairudia polepole, kama mtu anayesomewa namba ya simu. Akafungua mlango, akatia mkoba begani, akakizunguka kile chuma, akaondoka kwa miguu.

Mzee wa miaka sabini na tisa, magoti yamekwisha, katikati ya njia ya magari! Nikashuka, nikakunjua kigari, nikamfuata. Sidhani kama uwanja ule umewahi kuona mfukuzano wa taratibu kama ule. Mama mmoja mwenye mtoto wa kigari alitupita sote wawili akiwa anaongea na simu. Lusekelo alinizidi hatua kumi, kisha ishirini, kisha sikuweza kuhesabu na kupumua kwa pamoja. Nilimwita. Hakugeuka. Nikawaza kwamba hii ni mara ya pili namfikisha mtu huyu Thaxley kwa miguu.

Ndani nilimkuta kaunta pamoja na Kanti. Mbele yao mzani, nyuma yao mlima wa vifurushi. Mwanamke wa kaunta alikuwa amesema mzigo umepita kiasi kwa kilo thelathini na nne, na kaunta inafungwa baada ya dakika ishirini na tano. Kanti alikuwa amepiga magoti sakafuni, anafungua mabegi, ameshika blenda mkono mmoja na kiatu cha shule mkono mwingine. Karatasi ya plastiki ilikuwa chini, watu wanaikanyaga. Haikuwa na kifungu cha jambo hili.

Lusekelo akamwuliza nani aliwaambia watu walete vitu vyote hivi.

Kanti alinitazama. Akasema hajui.

Nitakalolikumbuka siku zangu zilizobaki ni hilo. Kanti! Magotini, na kiatu!

Nikasema ni mimi. Kuungama mara ya pili ni rahisi, mdomo unakuwa umeshazoea. Nikaeleza kwa kifupi: nilitaka gari la Kanti lijae, nipate kukaa na wewe, niseme. Lusekelo hakunitazama. Alimwambia Kanti arudishe kila kifurushi garini, yeye ataondoka na sanduku lake tu, na keki, kwa sababu Nancy hakumkosea mtu.

Nikatafuta pa kukaa. Sikupata. Hapo akaja mama wa makamo mwenye fulana ya kung'aa, kibandiko cha jina kinasema Nurjehan, anasukuma kiti cha magurudumu, anatafuta mzee aliyeombewa msaada. Akamtazama Lusekelo, amesimama wima kwa hasira, afya tele. Akanitazama mimi. Hakuuliza. Aliniketisha, akanifunga mkanda, akanisukuma.

Nilitaka kukataa. Kukataa kunahitaji pumzi. Tulipita foleni nzima, watu wananionea huruma, wengine wanatoa njia. Nakiri kwamba kwa hatua chache nilifurahia. Miaka yote nimewafundisha watu jinsi ya kupita haraka Thaxley, na kumbe njia ni hii: ukaribie kufa. Kwenye lango la ukaguzi akaniomba pasi ya kupandia ndege. Nikatoa nilichokuwa nacho, beji ya buluu ya walemavu ya kuegeshea gari. Akaigeuza pande zote mbili. Akasema hii haifiki Amsterdam.

Lusekelo akafika, Kanti nyuma yake. Nikataka kunyanyuka nimpishe kiti. Akaniwekea mkono begani, akanirudisha chini. Akamwambia Nurjehan aniache, yeye magoti yake leo yanatembea. Kisha akainama hadi usawa wa uso wangu.

"Faustine," akasema. Hajawahi kuniita bila Mwalimu. "Miaka ishirini na minane nimekushukuru mbele za watu. Shukrani zangu nazichukua."

Nikasema achukue.

Akasema, "Lakini sanduku kweli ulilibeba."

Nikasema nililibeba.

"Hilo sijui niliweke wapi," akasema.

Akaanza kuvua mkanda akiwa bado kwenye foleni, kama alivyofundishwa na Kanti. Akapita. Hakugeuka. Nilimtazama mpaka suti ya kahawia ikaishia nyuma ya watu. Amewahi ndege, na dakika za ziada. Nataka kuandika kwamba hilo ndilo tu nililolitaka. Ni uongo. Nilitaka anikumbatie.

Kanti alinisukuma hadi nje. Hakuuliza lolote. Alikuwa amepiga picha ya nguzo, tukaenda moja kwa moja kwenye gari lake bila kukosea. Nilimchukia kidogo tu, kwa ajili ya afya. Gladness, aliyelipia getini na hakupiga picha, alizunguka orofa tatu kwa dakika arobaini akitafuta la kwake. Nikaanza kumweleza kwamba mtaalamu hupaki karibu na lifti. Kanti akanikanyaga mguu.

Alhamisi, 22 Mei

Siku tatu sikuweza kushika kalamu. Wameleta mashine ya oksijeni, inakaa kando ya kitanda na kukoroma kuliko mimi. Gladness amechukua likizo. Hasemi kwa nini. Siulizi.

Leo Lusekelo amepiga simu ya picha kutoka Tukuyu. Mvua nyuma yake, jogoo, na dada yake anayechungulia ili aone mtu huyo alivyo. Amesema amekwenda kaburini. Amemweleza mama kila kitu, kwa nini mwanawe hakuwahi. Amesema miaka yote hii alikuwa akimwomba msamaha kwa sababu maegesho yalijaa, na mama wa watu hakujua hata maegesho ni nini. Sasa ameeleza vizuri. Ilichukua muda.

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa sijamwomba! Katika mazoezi yote yale, kioo chote kile, dakika kumi na moja, neno hilo halikuwemo. Nimelisema leo, kwenye simu, na mirija puani. Nilisikika kama redio ya mkulima.

Hakusema amenisamehe. Amesema hasira yake ameianza kwa kuchelewa na anahitaji muda, yeye ni mtu wa kukasirika polepole, na nisithubutu kufa kabla hajamaliza. Nikasema nitajitahidi. Akasema nijitahidi kweli, si kwa ule mtindo wangu. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema uji. Akasema uji si chakula, niambie Gladness anipikie ndizi. Akakata.

Nililia kidogo. Gladness alidhani ni mashine.

Kwa hiyo nimefika mahali pa kuandika nilichojifunza, maana mzee anayekufa bila kuacha somo ni mzee aliyejifia tu. Somo ni hili. Mtu asiyejua jambo aseme hajui. Asitafute sifa kwa safari ya mwenzake. Gladness amelisoma, amesema ni zuri, lisomwe kwenye mazishi. Nimemwonyesha na pa kupumzika msomaji.

Saa kumi Nancy amepiga simu. Mama yake mzazi anafika Jumamosi kutoka Dodoma, kupitia Amsterdam, anashukia Thaxley. Mara yake ya kwanza kupanda ndege, haelewi Kiingereza, miguu imevimba. Amempigia Kanti, hapokei, bado anarudisha vifurushi nyumba kwa nyumba. Akaniuliza, kwa sauti ya adabu kabisa, Mwalimu samahani nakusumbua na unaumwa, hivi pale mtu hupaki wapi na humsubiria mgeni mlango gani?

Gladness alikuwa amesimama mlangoni, anatikisa kichwa.

Neno "sijui" nilikuwa nalo mdomoni. Nalihakikisha hapa kwa maandishi, nilikuwa nalo. Lakini ilikuwa muda mrefu tangu mtu aniulize.

Nimemwambia asipaki kabisa, huko ni kuwatajirisha watu. Aende mlango wa kaskazini, ule wanaoujua wenyeji, awashe taa zote mbili za kuashiria, asubiri bure hata saa nzima. Mlinzi akija aseme ametumwa na Mwalimu Faustine. Nancy ameshukuru karibu alie. Amesema atawaambia na wengine kwenye kwaya.

Sasa nimeegemea mito, mashine inakoroma, najaribu kukumbuka kama Thaxley ina mlango wa kaskazini.